Mshahara nakatwa kodi kazini, sasa napata na malipo ya ushauri pembeni. Hizi fedha za ziada na kodi yake nizipangeje?

Mtakwimu

Habari za wakati huu wakuu,

Naombeni msaada wa mawazo, hasa wahasibu na wale mnaofanya ushauri elekezi huku mmeajiriwa.

Mimi dada yenu ni mtu wa takwimu. Nimeajiriwa, mshahara unaingia kila mwezi ukiwa umeshakatwa kodi, pensheni na bima, kwa hiyo kodi kwangu siku zote imekuwa ni mstari mmoja kwenye hati ya mshahara. Mwaka huu nimeanza kupata kazi za pembeni. Taasisi inayofanya utafiti inanipa hadidu za rejea (maelezo ya kazi inayotakiwa), mimi naandaa dodoso, nasafisha data zikirudi kutoka uwandani, nachambua, naandika ripoti. Naifanya usiku na siku za mapumziko. Malipo yanakuja kwa awamu: asilimia 30 ripoti ya awali ikipokelewa, 40 rasimu ikifika, 30 ya mwisho ripoti ikikubaliwa.

Awamu ya kwanza imeshaingia, ila imekuja pungufu ya ankara yangu kwa asilimia 5. Nikamwuliza mhasibu wa mteja, akajibu kwa ufupi kwamba hiyo ni kodi ya zuio. Hapo ndipo maelezo yalipoanza kugongana. Mwenzangu mmoja kazini anasema kodi ndiyo imetoka hiyo, iliyobaki nile kwa amani. Mwingine anasema mwaka ukiisha nitadaiwa tena, na deni litakuwa kubwa kuliko nilichokatwa. Wote wawili wanaongea kwa uhakika kabisa.

Nataka kujua nani yuko sahihi na kwa nini. Nataka pia kujua niweke pembeni kiasi gani kila awamu inapoingia, maana pesa ikikaa akaunti moja na mshahara haijulikani ni ya nini, inaondoka na mahitaji ya nyumbani. Halafu kompyuta, intaneti, na programu ya uchambuzi ninayoilipia kila mwaka, vinahesabiwaje? Na kitakachobaki baada ya yote ningependa kifanye kitu kinachoonekana.

Nchi sijaitaja makusudi. Humu tumetawanyika kote na viwango havifanani. Vya kwangu nitavisoma kwa mamlaka ya mapato ya kwetu. Ninachokitafuta ni mantiki yenyewe, ili hata sheria ikibadilika mwakani nijue pa kuangalia. Fedha ya awamu ya kwanza ipo benki, sijaigusa. Kazi hii naipenda na nataka idumu.

Mzee wa Daftari

Dada Mtakwimu, huyo wa pili ndiye amekuambia kweli. Na umefanya jambo la maana kuuliza pesa ikiwa bado nzima. Mimi ni mhasibu, nimewahudumia waajiriwa wengi wenye kazi za pembeni, na karibu wote hukwama hapo hapo uliposimama wewe.

Kodi ya zuio ni malipo ya awali. Mteja amekata kipande cha ada yako na anakipeleka serikalini kwa jina lako. Mwaka ukiisha unakihesabu kama kodi uliyokwisha kulipa. Kwa mshauri mkazi, yaani anayehesabiwa kikodi kuwa anaishi nchini, Kenya na Tanzania hukatwa asilimia 5, Uganda asilimia 6. Sasa jiulize: mteja anajua mshahara wako ni kiasi gani? Hajui, na wala hapaswi kujua. Kwa hiyo hiyo asilimia 5 haiwezi kuwa kodi yako kamili, imewekwa ili serikali ipate chake mapema na ijue kwamba umelipwa. Yapo mapato ambayo zuio ndilo mwisho wa habari, kwa mfano malipo mengi kwa mtu asiye mkazi, lakini ada ya ushauri ya mkazi kwa kawaida haimo humo.

Sasa nije kwenye hesabu, na hapa naomba uende nami taratibu maana ndipo penye uzito. Nitatumia nchi ya kubuni ili nisikupe viwango visivyo vyako. Mshahara wako uwe 100 kwa mwezi. Sheria inasema 30 ya kwanza haina kodi, 40 inayofuata inatozwa asilimia 20, na kinachozidi 70 kinatozwa asilimia 30. Kodi ya mshahara inakuwa 8 jumlisha 9, yaani 17. Hiyo ndiyo namba unayoiona kwenye hati yako.

Mwezi huo huo unapata ada ya 40. Umetumia 6 kuifanya kazi, faida ni 34. Watu hudhani fedha hii inaanza upya kutoka chini, kwamba na yenyewe ina ile 30 isiyotozwa. Haina. Nafasi hiyo mshahara umeshaikalia, na daraja la asilimia 20 nalo umeshalimaliza. Ada inakaa juu ya mshahara, kwa hiyo 34 yote inaangukia kwenye asilimia 30. Kodi yake ni 10.2. Mteja alizuia asilimia 5 ya 40, yaani 2. Deni lililobaki ni 8.2.

Huyo mwenzako wa kula kwa amani atatakiwa kuitoa 8.2 kwenye mshahara, wakati ada yenyewe imekwisha. Na yule mwangalifu kidogo, anayesoma hati yake na kuona anakatwa 17 kwa kila 100, ataweka asilimia 17 ya faida, yaani 5.78, na siku ya hesabu atapungukiwa 2.42. Ameweka akiba kwa nia njema kabisa ila ametumia kiwango cha wastani mahali panapotaka kiwango cha juu.

Kwa hiyo njia ninayowapa wateja wangu ni hii. Tafuta daraja la juu kabisa ambalo mapato yako yanalifikia. Toa asilimia iliyozuiwa. Inayobaki izidishe kwa kiasi cha ankara nzima, usihangaike na gharama kwanza. Kwa mfano wetu ni 30 kutoa 5, asilimia 25 ya 40, unaweka 10. Deni halisi ni 8.2, hivyo inazidi 1.8, ambayo ndiyo nafuu ya kodi inayotokana na zile gharama za 6. Iache hapo hapo mpaka mwaka ufungwe. Hiyo ndiyo kinga yako siku risiti moja itakapokataliwa.

Kama ada zitakuvusha daraja jingine, tumia la juu. Kenya kwa mfano juu ya asilimia 30 kuna 32.5 na 35. Lakini usiikimbie kazi kwa kuogopa "kupanda daraja". Kiwango kipya kinatoza kile kilichovuka mpaka tu, cha chini yake kinabaki kilivyokuwa. Nimeona watu wakikataa mikataba mizuri kwa hofu hii, na inaniuma kila mara.

Jambo la mwisho kwa leo: tarehe. Mwajiriwa hakuzoea tarehe kwa sababu mwajiri anazibeba. Utaratibu wa kukata kodi kwenye mshahara wa kila mwezi au kila wiki ulienea wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani 1943 na Uingereza 1944, serikali zikihitaji fedha zinazoingia mfululizo, na tangu hapo mfanyakazi wa mshahara anaweza kumaliza maisha yake ya kazi bila kulipa kodi kwa mkono wake. Mapato ya pembeni hayana mwajiri, hivyo nchi nyingi zinataka ulipe kwa makadirio kabla mwaka haujaisha. Tanzania ni awamu nne, kila baada ya miezi mitatu. Kenya, kwa anayefuata mwaka wa kalenda, ni tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Afrika Kusini ni mwisho wa Agosti na mwisho wa Februari. Itafute yako, iandike mahali unapopaona kila siku. Ukichelewa kuna riba, na riba ya kodi haina huruma.

Ankara_Kwanza

Mzee wa Daftari amemaliza upande wa hesabu, heshima yako mkuu. Mimi ni mhandisi, nafanya ushauri, naomba niongezee upande wa makaratasi, maana kodi nyingi inapotelea kwenye mkataba kabla haijafika kwenye ritani, yaani taarifa ya mapato unayoipeleka mamlaka ya kodi mwaka ukiisha.

Dada, jambo la kwanza ni cheti cha kodi ya zuio, yaani uthibitisho kwamba kodi uliyokatwa imewasilishwa kwa jina lako. Usiridhike na jibu la mdomo la mhasibu. Mteja wangu mmoja alinikata kama kawaida, nami nikaandika kwenye daftari kwamba kodi hiyo nimelipa. Kuingia kwenye mfumo wa mamlaka, jina langu halina kitu. Alikata, hakuwasilisha. Nilikuwa na mkataba, ankara, taarifa ya benki inayoonyesha kiasi pungufu, na barua pepe yake mwenyewe akikiri kukata. Nikamwandikia rasmi, nikaambatanisha vyote, akawasilisha na cheti kikatoka. Bila barua pepe ile ningelipa kodi hiyo mara ya pili. Siku hizi kila ninapolipwa naomba cheti wiki ile ile, na awamu inayofuata siandiki ankara yake mpaka cha awamu iliyopita kimenifikia. Wateja wazuri hawalalamiki.

Pili, kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ile inayoongezwa juu ya bei. Hapa ndipo mshauri anaweza kupata hasara ya kweli. Mara nyingi unatakiwa kujisajili mauzo yakifika kiwango fulani. Uingereza kiwango ni pauni 90,000 tangu Aprili 2024, Kenya ni shilingi milioni 5 kwa mwaka. Lakini Tanzania Bara mtoa huduma za kitaaluma aliyesajiliwa na bodi ya taaluma yake anatakiwa kujisajili bila kujali mauzo yake ni kiasi gani, kwa hiyo usijihesabie tu kwamba wewe ni mdogo. Ukishasajiliwa, kodi hiyo si pesa yako hata dakika moja, unaipokea na kuipeleka.

Sasa tazama maneno ya mkataba. Umekubaliana ada ya 100 na mkataba haukusema kitu kuhusu ongezeko la thamani, kiwango ni asilimia 18. Mteja akishikilia kwamba 100 ndiyo bei yote, wewe unatoa 15.25 ndani yake na kubaki na 84.75, halafu hapo ndipo kodi ya mapato inaanza. Sentensi moja inakuokoa: "Ada hii haijumuishi kodi ya ongezeko la thamani." Iwekwe kabla ya sahihi, baada ya hapo ni kuombana.

Na kwa vile umeajiriwa, soma mkataba wako wa ajira kabla ya hadidu za rejea za mtu yeyote. Wengine wanataka kibali cha maandishi, wengine wana kifungu kwamba kazi yoyote ya kitaaluma unayoifanya ukiwa mwajiriwa wao ni mali yao. Omba kibali mapema, kwa barua fupi. Kompyuta ya ofisi isiguse kazi ya mteja, hata kufungua faili tu.

Mkazi wa Mbali

Nipo Marekani, nina ajira na ninafanya tafsiri pembeni, kwa hiyo nina la kuongeza kidogo. Huku anayejiajiri, hata kama ni kwa sehemu ya muda wake, ana mchango wa hifadhi ya jamii na matibabu wa asilimia 15.3, unaotozwa kwenye asilimia 92.35 ya faida, na unakuja juu ya kodi ya mapato. Kwenye mshahara mwajiri hulipa nusu yake, kwenye ushauri unalipa zote mbili. Kwa hiyo ile hesabu ya Mzee wa Daftari, mtu wa huku aongezee na mchango huu la sivyo atapungukiwa vibaya. Naamini nchi nyingine nazo zina michango ya namna yake, ni ya kuulizia.

Lililonisaidia zaidi ni hili. Huku unaweza kumwomba mwajiri wako akukate kodi zaidi kwenye mshahara kwa kujaza upya fomu ya makato, W-4. Fedha ya ushauri inaingia, mimi naacha mshahara ukatwe zaidi, na zile tarehe nne za Aprili, Juni, Septemba na Januari zinanipita bila presha. Makato ya mshahara huhesabiwa kana kwamba yamelipwa sawasawa mwaka mzima, hata ukiyaongeza mwishoni mwishoni. Dada, uliza kama kwenu mwajiri anaruhusiwa kufanya hivyo. Pa kuruhusiwa, sijaona njia iliyo nyepesi kuliko hiyo.

Mtakwimu

Asanteni sana, na Mungu awabariki. Mzee wa Daftari, nimerudia ile hesabu kwa namba zangu na nimeelewa kwa nini wastani hautoshi. Nimefungua akaunti ya pili leo hii na asilimia imeshahamia huko, maelezo ya muamala nimeandika "kodi ankara 01". Cheti nimeshakiomba kwa barua pepe.

Sasa naomba tuingie kwenye gharama. Kompyuta ninayoitumia kwa kazi za pembeni ni yangu, niliinunua kabla ya kuanza. Intaneti ya nyumbani tunaitumia wote. Programu ya uchambuzi ni kwa kazi hii peke yake. Na kuna kijana ninataka anisaidie kusafisha data, maana awamu ya pili ina madodoso mengi na muda wangu ni wa usiku tu. Rafiki ananishauri ninunue na kompyuta mpya kabla mwaka haujaisha "ili kupunguza kodi".

Mzee wa Daftari

Nianze na huo ushauri wa kununua. Ukiwa kwenye daraja la asilimia 30, ukanunua kifaa cha 10, kodi inapungua kwa 3. Hiyo 7 nyingine imetoka mfukoni mwako. Kama kifaa unakihitaji, nunua, na 3 ni nafuu nzuri. Kama hukihitaji, umetoa 10 ili usitoe 3. Tena mara nyingi kompyuta hairuhusiwi kukatwa yote mwaka wa kwanza. Inakatwa kidogo kidogo kama uchakavu, kwa kiwango ambacho sheria imekiweka, kwa hiyo hata hiyo 3 huioni yote mwaka huu.

Programu ya uchambuzi: yote inakatwa, tunza risiti yenye jina lako na tarehe. Intaneti: gawanya. Kipimo kiwe ambacho unaweza kukieleza kwa afisa wa kodi bila kubabaika, kwa mfano saa za kazi ya wateja dhidi ya saa zote za matumizi kwa wiki ya kawaida. Andika ulivyokipata, karatasi hiyo iweke pamoja na risiti, na ukishakichagua usikibadilishe kila mwezi. Afisa hagombani sana na asilimia 40 iliyoelezwa. Anagombana na asilimia 100 isiyo na maelezo. Kompyuta uliyokuwa nayo kabla ya kuanza, sheria nyingi zinakuruhusu kuiingiza kwenye biashara kwa thamani iliyokuwa nayo siku hiyo na kuanza kuikata uchakavu, kwa sehemu ya matumizi ya kazi. Safari ya kwenda kwenye ajira yako ya kila siku haimo, hata ukipitia kwa mteja wa ushauri njiani.

Angalia pia aina ya risiti. Kenya tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya huko, haikubaliki kukatwa, isipokuwa zile chache zilizosamehewa. Nchi nyingi zinaelekea huko. Kwa hiyo unapochagua wa kununua kwake, bei ya chini isiyo na risiti halali siyo bei ya chini: ile yenye risiti itoe kwanza asilimia 30 ya nafuu utakayoipata ndipo ulinganishe.

Kuhusu huyo kijana, mchukue. Malipo yake ni gharama halali na yatakupa muda. Ila jua kwamba ukianza kumlipa mtu, na wewe unaweza kuwa na wajibu wa kuzuia kodi kwenye malipo yake na kuiwasilisha. Mwandikiane japo ukurasa mmoja: anasafisha nini, kwa kiasi gani, lini. Umlipe kwa benki au kwa simu ili ibaki alama, na usisahau kumpa yeye cheti chake, kama wewe unavyokidai chako.

Daftari lenyewe lisiwe gumu. Mstari mmoja kwa kila ankara: namba yake, tarehe ya kuiandika, kiasi, kilichozuiwa, kilichoingia benki na tarehe yake, cheti kimefika au bado, kiasi kilichohamishiwa akaunti ya kodi. Mtu wa takwimu kama wewe hutakosa pa kuliweka.

Mama Hazina

Mwanangu Mtakwimu, wamekuelekeza vizuri kwenye kodi, mimi nitasema juu ya kile kitakachobaki, maana hilo swali lako naona wamelipita.

Nina miaka mingi ya ushauri juu ya ajira na sheria niliyojiwekea ni kwamba nyumba inaendeshwa kwa mshahara. Ada haiingii kwenye matumizi ya kila mwezi kabisa. Siyo ubahili. Ada inakuja kwa awamu, rasimu inaweza kukaa mezani kwa mteja miezi bila kuguswa, na ile asilimia 30 ya mwisho ndiyo inayochelewa kuliko zote kwa sababu ripoti wameshaipata. Ukishachukua mkopo ambao rejesho lake la kila mwezi linategemea ada, mteja akichelewa ni wewe unayelala macho. Nimeiona kwa watu wa karibu yangu.

Kwa hiyo baada ya kodi, ningeanza na deni lenye riba kubwa kama lipo. Riba unayoiepuka ni faida ya uhakika, na haina kodi juu yake. Ukimaliza hapo, weka akiba ya kukutosha ukikaa bila kazi ya pembeni na mwajiri naye akayumba.

Halafu pensheni, na hapa naomba unisikilize. Kwenye ushauri hakuna mwajiri anayekuchangia. Sheria za nchi nyingi zinaruhusu mchango wako wa hiari kwenye mfuko uliosajiliwa upunguze mapato yanayotozwa, mpaka kikomo fulani. Kenya kikomo kilipandishwa kuwa shilingi 30,000 kwa mwezi mwishoni mwa 2024, Uingereza kwa kawaida ni pauni 60,000 kwa mwaka, Marekani kuna mipango maalumu ya anayejiajiri peke yake. Rudi kwenye mfano wa Mzee: ukiweka 10 kwenye pensheni ukiwa daraja la asilimia 30, kodi inapungua 3, na ile 10 bado ni yako nzima. Linganisha na kompyuta usiyoihitaji. Angalizo ni moja, fedha hiyo imefungwa mpaka umri wa kustaafu, na mchango unaokatwa kwenye mshahara mara nyingi umeshakula sehemu ya kikomo. Uliza kikomo kilichobaki kabla ya kuweka.

Kingine ninachokiamini sana: tumia sehemu ya ziada kununua muda wako. Huyo kijana wa kusafisha data ni matumizi bora kuliko karibu kila kitu, kwa sababu usiku wako una mwisho. Usichoke ukaiharibu ajira inayokulipia pensheni na bima.

Mtakwimu

Mama, nimekusikia. Mshahara nyumbani, ada mbali na nyumba. Kijana tumeshaandikiana ukurasa mmoja.

Swali la mwisho, nisiwachoshe. Ripoti ya mwisho nitaiwasilisha kabla ya mwaka wa kodi kufungwa, ila kwa maelezo ya Mama naona malipo yataingia mwaka unaofuata. Hiyo asilimia 30 ni mapato ya mwaka gani? Na nilishakadiria kwamba yote itaingia mwaka huu.

Mzee wa Daftari

Inategemea unahesabu kwa msingi upi. Kwa msingi wa fedha taslimu, mapato ni ya mwaka ambao pesa imekufikia, hivyo awamu hiyo inahamia mwakani pamoja na kodi yake. Kwa msingi wa stahili, ni ya mwaka ambao umeifanya kazi na kupata haki ya kulipwa, hata kama benki haijaona kitu, na hapo unaweza kulipa kodi ya pesa ambayo bado unaidai. Marekani watu binafsi wengi hutumia fedha taslimu, na Uingereza tangu Aprili 2024 ndiyo njia inayochukuliwa kwa anayejiajiri mpaka achague nyingine. Kwingine stahili ndiyo kanuni, au unachagua. Uliza kwenu, na ukianza na mmoja usirukie mwingine mwaka ujao bila kibali. Maneno ya mkataba nayo yana uzito: wako unasema 30 inalipwa ripoti "ikikubaliwa", kwa hiyo hata kwa msingi wa stahili unaweza kuwa na hoja kwamba haki yako inaanza siku ya kukubaliwa, siyo siku ya kuwasilisha. Omba barua ya kukubaliwa yenye tarehe na uiweke kwenye jalada.

Makadirio yanarekebishika. Ukiona awamu haitaingia mwaka huu na msingi wako ni fedha taslimu, peleka makadirio mapya kabla ya awamu ya mwisho ya kulipa kodi, na ulipe kidogo. Yasiwe ya kubahatisha tu, maana nchi nyingi zinatoza riba au faini mtu aliyekadiria chini sana. Chukua jumla ya ankara zilizolipwa mpaka leo, ongeza ile ya awamu ya pili ukiwa na uhakika wa tarehe yake, toa gharama zake, na hiyo ndiyo namba ya kupeleka.